Daktari Aliyepandisha Dozi Polepole: Mhadhara juu ya Utafiti wa George Cotzias na Ugonjwa wa Parkinson

  Naona wazee waliokaa safu ya mbele, na najua ngazi za ukumbi huu zimewatoa jasho. Anayetaka kusimama ajinyooshe, asimame wakati wowote. Hatanikatiza.

Nimeombwa nizungumzie tiba ya ugonjwa wa Parkinson ilikotoka na inakokwenda. Kusudi langu nitalitimiza kwa kufuata kazi ya mtu mmoja, George Cotzias. Alizaliwa mwaka 1918 mjini Chania, kisiwani Krete. Baba yake alipata kuwa meya wa jiji la Athens. Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ugiriki mwaka 1941 familia ilikimbilia Marekani. Kijana akasoma udaktari Harvard, na kuanzia miaka ya 1950 akafanya kazi katika Maabara ya Taifa ya Brookhaven, huko Long Island, New York. Ni yeye aliyeifanya levodopa iwe dawa ya kweli. Hakuwa wa kwanza kuifikiria wala wa kwanza kumpa mgonjwa, na bado naamini sifa anayopewa ni haki yake. Sababu ya kuamini hivyo ndiyo mhadhara wenyewe, kwa kuwa jambo alilolifanya yeye linawezekana hata katika hospitali zetu.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mwaka 1817 daktari wa London, James Parkinson, alichapisha kitabu kidogo juu ya watu sita waliokuwa wakitetemeka, baadhi yao akiwa amekutana nao barabarani tu. Alieleza mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mwili unaoinama mbele, na hatua fupi zinazoharakisha kana kwamba mtu anasukumwa. Leo tunaongeza kukakamaa kwa viungo, kila tendo kuwa zito na la polepole, sauti kufifia, mwandiko kuzidi kuwa mdogo, na uso kupoteza bashasha hata watu wa nyumbani wakadhani mzee amekasirika. Chanzo cha dalili hizo za mwendo ni kufa kwa seli za eneo dogo lenye rangi nyeusi katika shina la ubongo. Konstantin Tretiakoff aliyaeleza hayo Paris mwaka 1919. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuanzisha na kuratibu mwendo. Mpaka mtu anapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya dopamini katika vituo vya mwendo imekwisha kupotea.

Hoja yangu ya kwanza: Cotzias aliingia katika ugonjwa huu kupitia mlango wa madini.

Brookhaven ilikuwa maabara ya nishati ya atomiki, yenye hospitali yake ndogo na kinu cha nyuklia kilichotengwa kwa ajili ya utafiti wa tiba. Kwa mionzi ya kinu hicho iliwezekana kupima kiasi kidogo sana cha madini katika damu na katika nyama ya mwili. Cotzias akachagua manganisi, madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo mno, na yakizidi ni sumu. Tangu mwaka 1837, James Couper wa Glasgow alipowaeleza wafanyakazi waliosaga madini hayo, ilijulikana kwamba vumbi lake huvuruga mwendo wa binadamu.

Wagonjwa wengi wa sumu hiyo walikuwa Chile, katika migodi ya kaskazini. Cotzias aliwafuata huko. Wachimbaji walianza kwa kuchanganyikiwa, kucheka na kulia pasipo sababu, hata wakauita ugonjwa huo wazimu wa manganisi. Baadaye wazimu ulipungua, miili ikakakamaa, nyuso zikaganda, na mtu akawa hawezi kurudi nyuma hatua moja bila kuanguka. Yeyote aliyewahi kumwona mgonjwa wa Parkinson angeona undugu wa hali hizo mbili.

Yeye na wenzake, akiwamo daktari wa Chile Ismael Mena, walipima. Jibu, walilolichapisha mwaka 1967, lilikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Wachimbaji wazima, waliokuwa bado mgodini, ndio waliokuwa na manganisi nyingi mwilini. Waliopooza, walioacha kazi zamani, miili yao ilikuwa imekwisha kuyatoa madini hayo, na ugonjwa ulikuwa umebaki vilevile. Maana yake, kusafisha sumu peke yake hakungewasaidia. Kitu kilikuwa kimeharibika ndani ya ubongo, na ilibidi kutafuta cha kufidia kilichopotea. Swali hilo, aliloletewa na wachimbaji maskini wa nchi ya mbali, ndilo lililomfikisha kwa wagonjwa wa Parkinson waliokuwa Marekani. Wanafunzi wa udaktari mlioko hapa, naomba mliangalie jambo hili kwa makini: mgodi ule wa Chile haukuwa kando ya utafiti wake, ulikuwa kiini chake.

Hoja ya pili: dawa sahihi ilifikiwa kwa nadharia iliyokosea, na wapo wengine waliokuwa wameitangulia kwa nadharia iliyo sahihi.

Nianze na waliotangulia, maana historia ya sayansi isiyowataja ni dhuluma. Mwaka 1957, huko Sweden, Arvid Carlsson aliwapa wanyama dawa iitwayo reserpini, wakalala kama waliopooza. Alipowadunga dopa wakaamka. Dopa ni malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960 huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walichunguza ubongo wa watu waliofariki na Parkinson, wakakuta dopamini imepungua mno katika vituo vya mwendo. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na daktari Walther Birkmayer waliwadunga wagonjwa levodopa kwenye mshipa, miligramu 50 hadi 150, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka waliinuka na kutembea. Athari ilidumu saa chache tu. Montreal, André Barbeau aliwapa wagonjwa wake kwa mdomo, naye akaona nafuu kidogo. Baada ya hapo wengine walijaribu, wakapata matokeo ya kukinzana. Mmoja aliona nafuu, mwingine hakuona kitu, wa tatu akasema ni matumaini ya mgonjwa tu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 wengi walikuwa wamekata tamaa na dawa hii.

Cotzias hakuanza na dopamini. Alichokitazama ni ule weusi unaofifia katika ubongo wa mgonjwa. Weusi huo ni melanini, jamii moja na rangi inayotia ngozi zetu weusi. Akafikiri: labda ugonjwa ni upungufu wa rangi hiyo, tuirudishe. Alijaribu homoni inayochochea melanini. Wagonjwa walizidi kuwa weusi wa ngozi na kutetemeka kukaongezeka. Alijaribu fenilalanini, mojawapo ya vijenzi vya protini. Hali ikawa mbaya zaidi. Cha tatu katika safu hiyo kilikuwa dopa, kwa sababu mwili huweza kuitumia kutengeneza melanini pia.

Hiyo ya tatu ilifanya kazi, kwa sababu tofauti na ile aliyoifikiria. Baadhi ya waandishi huliona jambo hili kuwa bahati tu. Mimi sikubali. Matokeo mabaya mawili aliyaandika na kuyachapisha pamoja na zuri moja, katika makala ileile. Aliyekuwa akitafuta sifa tu angeyaficha yale mawili. Yeye aliyachukua kuwa majibu ya mgonjwa kwa swali lake, akaendelea kuuliza.

Hoja ya tatu ndiyo moyo wa mhadhara huu, nami nitakawia hapo. Inahusu dozi na muda.

Mbona Vienna walipata saa chache, Montreal wakapata kidogo, na wengine wasipate chochote? Mgonjwa anapomeza levodopa, sehemu kubwa yake hugeuzwa kuwa dopamini ikiwa bado tumboni na katika damu. Dopamini hiyo haiwezi kupenya kizuizi kinacholinda ubongo. Inabaki mwilini ikileta kichefuchefu, kutapika na kushuka kwa shinikizo la damu. Levodopa ndiyo yenye uwezo wa kupenya, lakini kinachofika ubongoni ni kipande kidogo cha kilichomezwa. Kwa hiyo ukimpa mgonjwa dozi ndogo, ubongo haupati kitu. Ukimpa kubwa kwa ghafla, anatapika mpaka anaikataa. Marcus Guggenheim, mkemia aliyetenga levodopa kutoka maharage mapana mwaka 1913, aliwahi kumeza gramu mbili na nusu yeye mwenyewe, na alichokipata ni kutapika vibaya sana. Kati ya kuta hizo mbili wengi walikwama.

Cotzias alizipita kuta hizo kwa kwenda taratibu. Wagonjwa walilazwa Brookhaven kwa wiki na hata miezi. Walianzishiwa kiasi kidogo sana, mara nyingi kwa siku, kisha kikapandishwa hatua kwa hatua, huku wauguzi na madaktari wakiandika kila kilichotokea: nani ametapika, nani amefunga vifungo vya shati peke yake, damu ya nani imebadilika. Mwili ulipewa nafasi ya kukizoea kichefuchefu. Dozi ilipanda mpaka ikafika kati ya gramu 3 na gramu 16 kwa siku, za dopa ile ya mchanganyiko ambayo nusu yake haina faida yoyote kwa ubongo. Linganisheni na miligramu 50 za sindano ya Vienna.

Februari 1967 alichapisha matokeo ya wagonjwa 16 katika jarida la tiba la New England. Nusu yao walipata nafuu kubwa, na kwa baadhi ya hao dalili zikatoweka kabisa kwa muda wote waliokuwa wakimeza dawa. Baadhi walipata mabadiliko ya chembe za damu, naye hakulificha hilo. Akahamia kwenye levodopa safi, iliyokuwa ghali na adimu wakati ule, akiacha ile nusu isiyofaa ambayo ilishukiwa kuleta madhara. Februari 1969 akatoa taarifa ya wagonjwa 28 waliotibiwa kwa muda mrefu. Mwaka huohuo akapewa tuzo ya Lasker, na mwaka 1970 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha levodopa.

Mabibi na mabwana, tukae hapa kidogo. Dawa ilikuwepo. Nadharia ilikuwepo, tena bora kuliko yake. Kilichokosekana ni mtu aliyekuwa tayari kukaa na wagonjwa wachache kwa muda mrefu, akiongeza kidogo leo na kusubiri kesho, bila kuwaacha walipotapika na bila kutangaza ushindi walipoinuka mara ya kwanza. Kazi hii hutazamwa kuwa ya chini, kazi ya wodini, ya karatasi iliyoning'inia mguuni pa kitanda. Mimi naiita sayansi ya daraja la kwanza. Na nawaambia wauguzi mlioko hapa bila kuwabembeleza kwamba sehemu kubwa ya ugunduzi ule ilifanywa kwa macho ya watu wa kazi yenu.

Hoja ya nne: aliendelea na dawa yake ilipoanza kuleta matatizo.

Madaktari wengi humpenda mgonjwa anapopona na humkimbia anapopata madhara. Katika makala ya 1969 Cotzias mwenyewe alieleza miondoko isiyotakiwa iliyowapata wagonjwa wake wengi: midomo kutafuna hewa, shingo kujipinda, mikono na miguu kucheza yenyewe. Baada ya miaka wagonjwa waliripoti jingine: dawa inafanya kazi, halafu ghafla inakatika, mtu anaganda akiwa katikati ya mlango. Mambo haya yapo hadi leo, na familia zilizo hapa zinayajua kuliko mimi.

Alishughulikia matatizo hayo kwa njia tatu. Alishiriki kujaribu karbidopa, kemikali inayozuia levodopa isigeuzwe kabla ya kuufikia ubongo. Ukiziunganisha, dozi ya levodopa hushuka kwa takribani robo tatu na kichefuchefu hupungua sana. Ndicho kidonge tunachokitumia sasa, mgonjwa akimeza miligramu mia kadhaa kwa siku badala ya gramu kadhaa. Alirudi pia kwa wachimbaji wa Chile na mwaka 1970 akaonyesha kwamba baadhi yao nao walinufaika na levodopa. Deni la kisayansi alilokuwa nalo kwao alilikumbuka. Njia ya pili, mwaka huohuo alionyesha kwamba apomofini, dawa ya zamani, huchochea ubongo kwa namna inayofanana na levodopa, akafungua njia ya kundi zima la dawa nyingine.

Njia ya tatu ni ya jikoni. Mwaka 1975 yeye na Mena walionyesha kwamba protini ya chakula inaweza kuidhoofisha levodopa. Dawa na vijenzi vya protini hugombea njia moja ya kupenya, utumboni na kwenye kizuizi cha ubongo. Kwa hiyo mzee aliyekula kiburu chenye maharage mengi na kikombe cha maziwa, kisha akameza kidonge papo hapo, anaweza kudhani dawa ni bandia. Ameze kama nusu saa kabla ya chakula, au saa moja na zaidi baada yake. Protini asiache, aile zaidi jioni, pale kutembea si kazi kubwa tena. Ushauri huu haugharimu chochote, na bado nakutana na wagonjwa ambao hawajawahi kuambiwa.

Saratani ya mapafu ilimpata Cotzias akiwa bado kazini. Aliendelea na utafiti hadi karibu na kifo chake Juni 1977, akiwa na umri wa miaka 58.

Hoja ya tano inatuhusu sisi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, Mwenyekiti aniwie radhi.

Wilaya ya Hai iko hapo tu, mwendo mfupi kwa daladala. Miaka ya 2000 timu ya watafiti, wakiwamo Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza pamoja na wenzao Watanzania, iliwatafuta wagonjwa wa Parkinson miongoni mwa wakazi 161,071, kwa kupita nyumba kwa nyumba na kwa msaada wa watumishi wa afya. Waliwapata 33. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ya Ulaya, kwa sehemu kwa sababu wazee wetu ni wachache na kwa sehemu, naamini, kwa sababu mgonjwa asiyepata dawa hufa mapema. Kilichonichoma ni kwamba wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wakiitwa wazee tu, au wenye kiharusi, au waliorogwa. Walikuwa wakiishi hivyo karibu miaka 40 baada ya makala ya 1967.

Levodopa na karbidopa zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa mpya wala si ya teknolojia isiyofikika. Pamoja na hayo, mgonjwa wa kijijini akiipata mwezi huu hana uhakika wa mwezi ujao, na kuikatisha ghafla ni hatari. Anaweza kukakamaa, kupata homa kali na kupoteza maisha.

Najua swali litakalokuja, kwa hiyo nilijibu mapema. Upupu. Ndiyo, mmea uleule unaowasha, ambao watoto huukimbia shambani. Mbegu zake zina levodopa. Wakemia wa India walilithibitisha hilo mwaka 1937, na tiba za jadi za India zimezitumia kwa karne nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18, ulionyesha kwamba unga wa mbegu zilizokaangwa unaweza kuleta nafuu kama ya kidonge. Hii ni habari njema kwa nchi ambazo mmea huu huota wenyewe au hupandwa kurutubisha ardhi. Lakini naomba asitoke mtu hapa akaenda kumsagia baba yake mbegu. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu na shamba kwa shamba, na hakuna karbidopa ndani yake. Tutakuwa tumemrudisha mzee kule Guggenheim alikokuwa mwaka 1913, akitapika bila kujua amekula kiasi gani.

Ninachokipendekeza ni kuufanyia upupu yale Cotzias aliyoifanyia dopa. Vyuo vyetu vina wakemia wanaoweza kupima mbegu za Tanga, Morogoro na Mtwara, na kuchagua aina zenye kiwango kinachotabirika. Tuna wagonjwa ambao wakielezwa vizuri watakubali kushiriki. Tuna wodi. Tuwalaze wachache, tuanze na kiasi kidogo, tupandishe taratibu, tuandike kila siku, na tuchapishe hata yale yatakayotukatisha tamaa.

Utafiti huo utachukua miaka, na wagonjwa hawawezi kuusubiri. Kwa hiyo lipo la kuanza nalo mwaka huu. Kila kituo cha afya mkoani kipate walau mganga mmoja na muuguzi mmoja waliofundishwa kuutambua ugonjwa: wamwone mgonjwa akitembea, wamwambie agonganishe vidole, watazame mkono uliotulia mapajani. Hawahitaji mashine yoyote kwa hayo. Wafundishwe kuanzisha dozi ndogo na kuipandisha, na wapewe daftari la kumfuata mgonjwa nyumbani mpaka dozi yake ikae sawa. Hospitali ya rufaa ibaki na wale wagumu. Na wanaoagiza dawa za mkoa wahesabu wagonjwa kwa majina na vidonge kwa mwezi, wakiweka akiba ya miezi mitatu kwa kila mgonjwa aliyekwisha kuanza.

Wanafunzi watatu wa mwaka wa nne wamekwisha kuniomba niwasimamie katika kazi ya namna hii. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani karibu na mlango kwa wengine watakaopenda kuungana nao, na kwa familia ambazo ziko radhi tuwatembelee nyumbani.  Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wazee wa safu ya mbele.